Lepe la mchana, meditesheni, mapigo ya masikioni au mrejesho wa EEG: ipi inakufaa?

Anayetaka kutuliza akili siku hizi hakosi washauri. Mmoja anamwambia ajilaze kidogo baada ya chakula cha mchana. Mwingine anamwambia aanze meditesheni. Wa tatu anamtumia video ya saa nane yenye sauti inayovuma, imeandikwa "theta ya usingizi mzito". Na mwenye ndugu Ulaya au Marekani huenda akashauriwa anunue kifaa cha kuvaa kwenye paji la uso, kinachosoma mawimbi ya ubongo na kumwonyesha kwenye simu.

Njia zote nne zinanadiwa kwa lugha ileile ya mawimbi: shuka kutoka beta, tulia kwenye alfa, zama theta, fika delta. Kwa hiyo watu wanachagua kwa jina la wimbi, na hapo ndipo wengi wanapotea. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya aliyekwama kati ya hizo nne, anayetaka kujua kila moja inafanya nini hasa kabla hajatoa muda wake au fedha zake.

Kwanza tuyaelewe mawimbi

Mwaka 1924 Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili katika mji wa Jena, Ujerumani, alifanikiwa kurekodi umeme wa ubongo wa binadamu kutoka kichwani. Alikaa na matokeo yake hadi 1929 ndipo akayachapisha, na hata hapo wanasayansi wengi walimtilia shaka. Ilibidi Edgar Adrian na Bryan Matthews wa Cambridge warudie jaribio lake mwaka 1934 ndipo dunia ikakubali. Kipimo chenyewe ndicho tunachokiita EEG, na ndicho madaktari wanachotumia hadi leo kuchunguza kifafa.

Umeme huo ni mdogo mno, makumi machache ya mikrovolti. Unatokana na maelfu kwa maelfu ya seli za neva zinazopanda na kushuka chaji kwa pamoja, na kasi yake huhesabiwa kwa mizunguko kwa sekunde, yaani Hz. Delta ni mawimbi makubwa ya polepole, chini ya 4 Hz, yanayotawala usingizi mzito. Theta ni kati ya 4 na 8, huonekana mtu anaposinzia. Alfa ni 8 hadi 13, ya mtu aliye macho lakini ametulia. Beta ni 13 hadi 30, ya mtu aliye makini au mwenye shughuli. Zaidi ya hapo ni gama.

Jambo moja ambalo Berger aliliona mapema bado linaonekana kwa karibu kila anayekaa kwenye kiti cha EEG. Mwambie mtu afumbe macho: baada ya sekunde moja au mbili mistari ya kipimo inayotoka kisogoni inaanza kuchora mawimbi mazuri ya duara, kama kumi kwa sekunde. Mwambie afumbue: yanakatika papo hapo. Mtu huyo hajatafakari, hajasali, hajasikiliza chochote. Amefumba macho tu, na pengine kichwani anawaza kodi ya nyumba.

Mifano ya namna hii ni mingi. Katika usingizi wa ndoto, ule ambao Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chicago waliueleza mwaka 1953, macho yanakimbia huku na huku chini ya kope na mawimbi yanafanana sana na ya mtu aliye macho, ilhali mwenyewe amelala fofofo na misuli imelegea. Kuna hata wagonjwa walio katika koma, hasa baada ya moyo kusimama, ambao EEG yao inaonyesha mdundo wa alfa karibu kichwa kizima. Alfa ipo, fahamu haipo.

Kipimajoto kikisoma 39, tunajua mgonjwa ana homa, lakini kukitumbukiza kwenye chai ya moto hakumpi mtu homa. Mawimbi ya ubongo ni usomaji wa namna hiyo. Yanatuambia mengi kuhusu hali ya fahamu, lakini kulisukuma wimbi si lazima kuisukume hali. Kila dai utakalokutana nalo hapa chini lipime kwa jambo hilo.

Vigezo

Kila njia nitaitazama kwa mambo matano: kinachotokea kichwani, ushahidi, muda na gharama, tahadhari, na anayefaa kuitumia. Sitazungumzia dawa wala vileo. Wala sizungumzii matibabu ya msongo mkubwa, sonona au kukosa usingizi kwa miezi. Hayo ni ya daktari, na njia hizi zinaweza tu kuyasindikiza.

1. Lepe la mchana

Kichwani. Hii ndiyo njia pekee kati ya nne inayokubadilishia hali ya fahamu bila ubishi wowote, kwa sababu unalala kweli. Ukijilaza na kufumba macho, alfa inatawala. Baada ya dakika chache inaanza kukatikakatika, theta inaingia, na macho yanazunguka polepole. Hapo ni mlangoni pa usingizi, na ukiamshwa unaweza kuapa kwamba hukulala. Kisha linakuja daraja la pili, lenye vifurushi vifupi vya mawimbi ya haraka kidogo. Ukipitiliza nusu saa, delta inaanza kushika, na anayeamshwa kwenye delta huamka na mawenge: mwili uko hapa, akili haijafika.

Ushahidi. Una nguvu kuliko wa njia zote nne. Utafiti wa NASA uliofanywa kwa marubani wa safari ndefu uliwapa kundi moja nafasi ya dakika 40 kupumzika wakiwa kwenye viti vyao, mwenzao akiendesha ndege. Kwa wastani walilala dakika 26. Ufanisi wao baadaye ulikuwa juu kwa asilimia 34, na kuwa macho kwao kwa asilimia 54, wakilinganishwa na wasiolala. Mwaka 2006 Amber Brooks na Leon Lack wa Chuo Kikuu cha Flinders, Australia, waliweka kando kwa kando usingizi wa dakika 5, 10, 20 na 30. Dakika 10 ndizo zilizoleta nafuu ya papo hapo, na nafuu hiyo ilidumu kama saa mbili na nusu. Dakika 30 zilianza kwa mawenge kabla faida haijaonekana.

Halafu kuna jaribio ambalo kwangu ni tamu kuliko yote. Mwaka 2021 watafiti wa Paris, Célia Lacaux na Delphine Oudiette wakiwamo, waliwapa watu hesabu ndefu zenye njia ya mkato iliyofichwa. Katikati wakawapumzisha kitini gizani, kila mmoja ameshika kitu mkononi. Usingizi ukizidi, vidole vinalegea, kitu kinaanguka, kishindo kinamwamsha. Ni mbinu ambayo inasemekana Thomas Edison alikuwa akiitumia. Waliokaa angalau sekunde 15 pale mlangoni pa usingizi, asilimia 83 waligundua njia ya mkato. Waliobaki macho ni asilimia 30 tu. Na waliopitiliza hadi usingizi wa ndani zaidi, faida hiyo iliwapotea. Sekunde 15! Kama kuna hali ya theta inayostahili sifa zote zinazomwagwa kwenye video, ni hii, na hainunuliwi.

Muda na gharama. Dakika 10 hadi 20, weka kengele ya simu. Gharama ni mahali pa kujilaza, jambo ambalo si dogo kwa anayefanya kazi sokoni au kwenye ofisi ambako kusinzia kunahesabiwa uvivu.

Tahadhari. Usilale baada ya saa tisa alasiri, usiku utakukatalia. Mwenye shida ya kukosa usingizi usiku ni afadhali aliache kabisa lepe la mchana, kwa kuwa linamlia ile njaa ya usingizi anayoihitaji usiku. Na anayelala saa zake zote usiku lakini mchana anasinzia kila anapokaa, hasa kama anakoroma na kukatika pumzi, amwone daktari.

Inamfaa nani. Mwenye uchovu wa kweli: wa zamu, dereva, mama mwenye mtoto mchanga, mwanafunzi. Haimfai aliyechoka kwa mawazo huku mwili haujachoka. Huyo atalala chali akihesabu mabati ya dari.

2. Meditesheni na pumzi ya polepole

Kichwani. Meditesheni si kitu kimoja, na ndiyo maana hakuna "wimbi la meditesheni". Akira Kasamatsu na Tomio Hirai wa Tokyo walichapisha mwaka 1966 vipimo vya watawa wa Zen, tawi la dini ya Kibudha, waliokuwa wakikaa na macho wazi. Kwa kawaida macho wazi hufuta alfa. Kwa watawa hawa alfa ilijitokeza, ikakua, ikapungua kasi, na kwa wakongwe theta ikaingia. Mwaka 2004 Antoine Lutz na Richard Davidson wa Wisconsin, Marekani, waliwapima watawa wa Kitibeti waliokuwa wametafakari kati ya saa 10,000 na 50,000 maishani mwao, nao wakaonyesha kinyume: gama nyingi mno, yaani mawimbi ya haraka. Wale wa Tokyo walikuwa wanakaa kimya. Hawa walikuwa wanajaza moyo huruma isiyo na mipaka. Kazi tofauti, mawimbi tofauti.

Pumzi inapita mlango mwingine. Ukipumua mara sita hivi kwa dakika, mapigo ya moyo yanaanza kupanda na kushuka sambamba na pumzi, na mfumo wa mwili unaorekebisha shinikizo la damu unakuwa mwepesi zaidi. Mwaka 2001 kundi la Luciano Bernardi wa Italia lilichapisha jaribio ambalo msomaji wa pwani na wa bara wote watalitambua. Waliwapima watu wakisali rozari kwa Kilatini na wakikariri mantra ya yoga, yaani maneno mafupi yanayorudiwarudiwa. Salamu Maria huanzwa na kiongozi, ikamaliziwa na waumini, na mzunguko huo mmoja huchukua kama sekunde 10. Rozari na mantra zote mbili zilimshusha mtu hadi karibu pumzi sita kwa dakika, bila yeye kuhesabu chochote. Ibada ina makusudi yake na sitaki kuigeuza kuwa zoezi la mapafu. Lakini mwenye rozari yake, au mwenye kuleta uradi taratibu baada ya swala, tayari anao mdundo ambao programu za simu zinajaribu kumfundisha.

Ushahidi. Ni mzuri wa wastani. Mwaka 2014 uchambuzi mkubwa uliojumlisha majaribio 47 na watu 3,515 uligundua kwamba programu za meditesheni ya umakini hupunguza wasiwasi, sonona na maumivu kwa kiasi kidogo hadi cha kati. Haukupata dalili kwamba zinapita dawa, mazoezi ya viungo au tiba nyingine za kisaikolojia. Programu iliyopimwa zaidi ni ya wiki nane, iliyoanzishwa na Jon Kabat-Zinn huko Massachusetts mwaka 1979. Anayekuahidi mabadiliko kwa siku tatu hana utafiti huo nyuma yake.

Muda na gharama. Bure kabisa ukitaka. Kinachouma ni muda: dakika 10 hadi 30 kila siku, kwa wiki nyingi, na wiki za mwanzo hazina raha. Akili inatangatanga, mguu unakufa ganzi, jirani amefungulia redio. Pumzi ya polepole peke yake inalipa haraka zaidi. Dakika tano zinatosha kuusikia mwili ukishuka.

Tahadhari. Watu wengi wanaiona meditesheni kuwa haina madhara, na si kweli kwa kila mtu. Wapo wanaozidiwa na wasiwasi wanapokaa kimya na mawazo yao, hasa waliopitia ukatili au vita, na wenye historia ya kuona au kusikia visivyokuwepo. Hao waanze na mtu mwenye ujuzi, kwa vipindi vifupi, macho wazi. Pumzi nayo iwe ya taratibu. Kupumua kwa nguvu na haraka kunaleta kizunguzungu na ganzi ya vidole.

Inamfaa nani. Mwenye mawazo yasiyokatika, mwenye hasira za karibu, mwenye kutaka kubadilika kwa mwaka mzima badala ya mchana mmoja. Haimsaidii asiyelala vya kutosha: akikaa kutafakari atasinzia, na hilo ndilo mwili wake ulikuwa unaliomba.

3. Mapigo ya masikio mawili

Kichwani. Karibu mwaka 1840 mwanafizikia wa Ujerumani Heinrich Wilhelm Dove aligundua kwamba sikio moja likipewa toni moja na la pili likapewa toni inayotofautiana nayo kidogo, mtu anasikia mtikisiko wa tatu ambao haupo kwenye toni yoyote. Mpe sikio la kushoto 200 Hz na la kulia 210, atasikia mdundo wa mara 10 kwa sekunde. Mdundo huo unazaliwa kwenye shina la ubongo, pale habari za masikio mawili zinapokutana. Dai la wauzaji ni kwamba ubongo mzima utaufuata mdundo huo: 10 ikupe alfa, 6 ikupe theta, 2 ikulaze.

Unaweza kujihakikishia sehemu ya kwanza leo. Vaa spika za masikioni, fungulia sauti hizo, kisha chomoa upande mmoja. Mdundo unapotea papo hapo, inabaki toni iliyonyooka. Kwa sababu hiyohiyo, anayezisikiliza kwa spika ya simu mezani hapati mapigo haya. Anayetumia simu iliyowekwa kwenye sauti ya mono pia hapati, kwani pande zote mbili zinapewa kitu kimoja.

Ushahidi. Umegawanyika. Kuhusu swali la msingi, yaani kama mawimbi ya ubongo yanaufuata mdundo, mapitio yaliyochapishwa mwaka 2023 yalikusanya tafiti 14: tano ziliunga mkono, nane zilipinga, moja ilikuwa katikati. Jaribio la mwaka 2020 lilionyesha ubongo kweli unajibu, lakini ulijibu kwa nguvu zaidi mdundo wa kawaida uliochanganywa kwenye sauti yenyewe kabla haijafika sikioni, na hisia za washiriki hazikubadilika kwa vyovyote.

Kuhusu kupunguza hofu, hata hivyo, kuna matokeo ya kutia moyo. Nchini Uingereza mwaka 2005 wagonjwa 108 waliokuwa wakisubiri upasuaji waligawanywa makundi matatu. Waliosikiliza muziki wenye mapigo haya, hofu yao ilishuka kwa asilimia 26. Waliosikiliza muziki uleule bila mapigo, asilimia 11. Wasiosikiliza chochote, chini ya asilimia 4. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema ni upuuzi mtupu. Nasema tu kwamba tunachokijua vizuri ni kwamba baadhi ya watu wanatulia, wala si kwamba wameingizwa theta.

Na jambo moja litenganishwe hapa, maana linawachanganya wengi. Zile video za "528 Hz ya uponyaji" na nyinginezo za namna hiyo hazihusiani na mawimbi ya ubongo. 528 hapo ni kimo cha sauti, noti ya muziki, iko juu kidogo ya Do inayofuata ile Do ya katikati ya kinanda. Hakuna wimbi la EEG linalokwenda huko.

Muda na gharama. Faili ni bure, spika za masikioni unazo. Gharama ni bando, hasa video za saa nane; pakua faili ya sauti nusu saa uirudierudie. Tafiti nyingi zilitumia kati ya dakika 10 na 30.

Tahadhari. Usisikilize ukiwa unaendesha chombo chochote, iwe gari au bodaboda. Sauti iwe ya chini: Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kulala usiku kucha na spika masikioni kunaila hesabu hiyo haraka. Video nyingine zinaambatana na taa zinazomweka. Mwenye kifafa, au mwenye ndugu wa damu mwenye kifafa, asizitazame, kwa kuwa mimweko inaweza kuamsha degedege.

Inamfaa nani. Anayehitaji kitu cha kushika masikio ili akili itulie, anayeishi penye kelele, anayesubiri jambo la kutisha kama upasuaji au usaili. Haimfai asiyependa sauti za kuvuma. Kama inakukera, hakuna sababu ya kuvumilia ukingoja wimbi.

4. Mrejesho wa EEG

Kichwani. Unabandikwa vitambuzi kichwani, kompyuta inasoma mawimbi yako, na kila ubongo unapotoa wimbi linalotakiwa unapata zawadi: picha inang'aa, muziki unaendelea. Taratibu ubongo unajifunza. Joe Kamiya alionyesha miaka ya 1960 kwamba watu wanaweza kujifunza kutambua na kuongeza alfa yao wenyewe. Wakati huohuo Barry Sterman wa Los Angeles alikuwa akiwafundisha paka kutoa mawimbi ya 12 hadi 15 Hz kwa kuwapa maziwa. Baadaye aliombwa apime sumu ya haidrazini, mafuta ya roketi yanayosababisha degedege. Paka waliokuwa wamepita kwenye mafunzo yake walistahimili sumu hiyo kuliko wenzao. Kutoka hapo alianza kuwafundisha watu wenye kifafa, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Paka hajui anatarajiwa apate nini, ndiyo maana ugunduzi huu bado una uzito.

Ushahidi. Kwamba mtu anaweza kujifunza kubadili mawimbi yake, hilo limethibitika. Kwamba mabadiliko hayo ndiyo yanayoleta nafuu, hapo pana mashaka. Miaka ya 1970 watafiti waliomfuata Kamiya waligundua kwamba utulivu ambao watu waliusimulia ulitegemea sana walichoambiwa watarajie kuliko kiasi cha alfa. Jaribio zito zaidi ni la Marekani, lililochapishwa mwaka 2021, kwa watoto 144 wa miaka 7 hadi 10 wenye ADHD, yaani tatizo la kushindwa kutulia na kuzingatia. Nusu na zaidi walipata mrejesho wa kweli, wengine mrejesho wa bandia uliorekodiwa, na hakuna aliyejua yuko wapi. Makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa, na nafuu hiyo ililingana. Kukaa na mtu mzima anayekujali, kwa utaratibu, ukijaribu kutulia, kuna faida yake. Mawimbi hayakuongeza juu yake.

Muda na gharama. Ndiyo njia ghali kuliko zote. Mafunzo kamili huwa vipindi 20 hadi 40, na huko Marekani kipindi kimoja kinaweza kufika dola mia na zaidi. Afrika Mashariki huduma hii bado ni adimu. Vifaa vya nyumbani vya kuvaa kwenye paji huanzia dola mia mbili na kitu, kabla ya usafiri na ushuru, na vingine vinadai malipo ya kila mwezi.

Tahadhari. Vitambuzi vya kwenye paji viko mbali na kisogo, ambako alfa ni kubwa zaidi, na viko karibu na misuli ya macho na taya. Kukunja uso au kuuma meno kunatoa umeme mkubwa kuliko wa ubongo, na kifaa kinaweza kukuhesabia hayo kuwa mawimbi. Mwenye kifafa asipunguze wala kuacha dawa kwa sababu ya mafunzo haya bila kauli ya daktari wake.

Inamfaa nani. Mwenye fedha ya kutosha na udadisi, anayependa kuona namba ili aendelee na zoezi. Wapo watu ambao bila kifaa kuwakumbusha hawakai kutafakari hata siku moja, na kwao kifaa kinaweza kulipa kwa njia hiyo. Haimfai anayekopa ili amudu.

Ukichagua kwa hali uliyonayo

Kama umechoka kwa kukosa usingizi, anza na lepe, na usibabaishwe na njia nyingine yoyote kabla hujalala. Nesi wa zamu ya usiku akipata dakika ishirini kwenye chumba cha mapumziko azitumie zote kulala. Dereva wa masafa anayeona kope zinashuka apaki mahali salama, anywe kahawa, ajilaze dakika 15 papo hapo. Louise Reyner na Jim Horne wa Loughborough, Uingereza, waliupima mchanganyiko huo mwaka 1997: kahawa huchukua kama nusu saa kufanya kazi, kwa hiyo inaanza kazi muda si mrefu baada ya wewe kuamka.

Kama una jambo la kubuni lililokwama, mchoro, shairi, hesabu, jaribu lepe la mlangoni: kaa kitini, shika funguo mkononi, sahani ya bati chini. Zikianguka, andika kilichokuwa kichwani kabla hujafanya lingine.

Kama una usaili kesho au unaingia chumba cha upasuaji, pumzi sita kwa dakika ndiyo ya haraka zaidi, na sauti za masikioni zinaweza kuongezwa juu yake. Vuta kwa sekunde nne, toa kwa sita.

Mwanafunzi wa kidato cha sita anayekesha na video ya "gama ya kumbukumbu" masikioni apunguze saa za video aongeze saa za kulala; alichosoma kinashikana usingizini.

Kama wasiwasi umekuzoea na unarudi kila wiki, meditesheni ya wiki nane ina msingi mzuri kuliko sauti au kifaa, ukiwa na subira. Usipoweza kukaa kimya, mazoezi ya viungo yamepimwa na kukutwa hayako nyuma.

Kama ni mzazi wa mtoto mwenye ADHD na umetajiwa mrejesho wa EEG, uliza kwanza kama mtoto ameshapata tiba zilizothibitika, dawa na mafunzo ya malezi. Kama ameshazipata, na fedha ipo, muulize mtoa huduma atapimaje maendeleo ya mtoto shuleni na nyumbani. Grafu ya mawimbi peke yake isikutoshe.

Kama nyumba ina kelele na huna chumba chako, sauti za masikioni kwa nusu saa jioni ni chaguo la haki kabisa, kwa sauti ya chini. Zikikulaza, zitumie. Ukiona zinakufanyia kazi hata zikiwa za mvua au za bahari bila mapigo yoyote, hizo ni nyepesi zaidi kuzipata na hazihitaji uvae spika kwenye masikio yote mawili.